Miguu Mitatu Isiyo na Jina

Jumatatu, 11 Novemba

Leo baba mdogo amelipua kitu mezani, mlio wake ukamtoa mbio muuza vitumbua wa jirani hadi barabarani. Duka zima lilijaa moshi, na ile harufu ya kuungua imo kwenye ushungi wangu mpaka sasa. Naandika kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Mtu wa kuambiwa ndiye aliyelipua.

Ilikuwa hivi. Ijumaa walikuja kina mama wawili kutoka Kiwangwa: Gertruda, ambaye wenzake humwita Mama Yosefu, na mkwewe Angela. Mama Yosefu ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokausha mananasi. Mashine yao ina makabati mawili, la kushoto na la kulia, na kila kabati lina hita yake, feni yake na bodi yake ya umeme. La kushoto limekufa. Feni inazunguka lakini hita haipati moto. Bodi yake wametuletea ndani ya ndoo, wameifunga khanga isilowe.

Kwenye hiyo bodi kuna kitu cheusi chenye miguu mitatu na mgongo wa bati, kimepasuka tumbo. Jina lake limekwanguliwa. Halikufutika kwa moto. Waliokitengeneza wamelisaga wenyewe ili mtu mwingine asijue ni nini. Baba mdogo Bwanausi, mwenye duka, akakitazama mara moja tu.

"Transista hiyo."

"Baba mdogo, hiki kimekaa kwenye njia ya umeme wa ukutani moja kwa moja. Transista itaishi hapo?"

"Kina miguu mitatu, hakina?"

"Kinayo."

"Basi."

Akatoa transista kubwa ya amplifaya, akaichomelea, akafunga balbu badala ya hita, akachomeka kwenye umeme. Paa!

"Warudishie wenyewe," akaniambia, halafu akaenda kuswali adhuhuri.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Simu za kubadilisha tundu la chaji, asubuhi hadi jioni.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama Yosefu amekuja mwenyewe kuulizia bodi. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamweleza ukweli kwamba tumeiharibu zaidi. Hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu.

"Mwanangu Mardhiya," akasema, "mimi ndiye niliyesimama mbele ya wenzangu nikawaambia, ng'oeni mihogo tupande mananasi, tutakausha, tutauza mwaka mzima. Wakang'oa. Sasa mananasi yameiva kwa pamoja, jua hakuna, na kabati moja halimalizi hata yale yanayoingia asubuhi. Madalali wanapita na mafuso yao wanatuangalia tu. Wanajua yakianza kuoza tutayatoa kwa bei watakayotaja wao."

Kuna mama mmoja wa Dar mwenye duka la vyakula vilivyokaushwa, ameahidi kuchukua mzigo wao wa kwanza kabla ya Krismasi. Akiukosa, atachukua kwingine. Na bodi mpya, kampuni iliyowauzia mashine inasema lazima itoke ng'ambo, itafika Februari. Msimu utakuwa umekwisha kitambo.

Nikamwomba anivumilie kidogo. Alipoondoka baba mdogo akaniuliza, "Umemwahidi nini?" Nikasema sijamwahidi kitu. Akasema, "Jina la duka ni langu, Mardhiya." Nikainama kwenye simu za watu. Moyoni nilikuwa namjibu vibaya sana.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimempigia mtu wa kampuni ya mashine. Anaitwa Clever, sauti ya kijana. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikamuuliza kile kitu cheusi kinaitwaje.

"Dada yangu, nikwambie kweli? Hata sisi hatujui. Tunapokea bodi, tunauza bodi. Wenyewe wanasaga majina kila mahali."

"Na ikiungua?"

"Tunaagiza nyingine."

Nilikata simu nikiwa nimemdharau. Lakini nimepata wazo. Kabati la kulia ni zima, na bodi yake ina kitu kilekile, kizima. Kisichotaka kusema jina lake kinaweza kuulizwa kinafanya nini. Ila itabidi nikitoe. Kikifa mikononi mwangu, wale kina mama hawatabaki hata na kabati moja.

Jumapili, 17 Novemba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Duka hufungwa Jumapili, kwa hiyo sikumuaga baba mdogo. Nilibeba mita, chuma cha kuchomelea na risasi yake, nyaya, na balbu ndogo ya indiketa niliyoomba kwa fundi wa bajaji. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nimeshuka Kiwangwa kwenye lami, Yosefu akanipokea kwa pikipiki, tukaingia njia ya matope tukiteleza huku na huku hadi kwenye jengo lao. Harufu nimekutana nayo kabla sijaona kitu: nanasi tamu lililopita kuiva, lenye uchachu kama wa pombe. Nje ya ukuta kuna lundo lililotupwa, nyuki wamelifunika.

Kina mama walikuwa wametoka kanisani, na wale Waislamu wenzao walikuwa wanawasubiri hapo hapo. Mama Yosefu akasema, "Mweleze kila mtu, na usifiche."

Nikaeleza. Nataka kufungua bodi ya kabati la kulia, lililo zima, nikitoe kitu chake, nikipime, nikirudishe. Nikipata jina lake, tutaenda dukani kununua kingine. Nisipolipata, nitakuwa nimewapotezea saa za kukausha. Nikikosea, nitakuwa nimeua na hili.

Mama mmoja mtu mzima, Bi Fatu, akasimama. Yeye ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la mihogo kuliko wote.

"Wee binti, si ninyi ndio mliolipua ile ya kwanza?"

"Ndiyo sisi, bibi."

"Na leo unataka ya pili."

"Ndiyo."

"Mwenzio yuko wapi? Yule fundi mwenyewe?"

Nikababaika. "Hajui kama nimekuja."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wengine wananitaka niondoke, wengine wanasema mananasi yanaoza hata tukikaa hivi. Mama Yosefu aliwaacha waseme mpaka wakachoka, halafu akawauliza, "Kabati moja linatufikisha Krismasi?" Bi Fatu akaketi, akakunja mikono. "Fungua," akasema. "Lakini nakaa hapa hapa nikikutazama."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yangu.

Tulizima kabati, tukachomoa waya ukutani, nikafungua bodi. Nikakichomoa kile kitu taratibu, mguu mmoja mmoja, nikiogopa kukipa joto jingi. Kikatoka. Nikakiweka juu ya karatasi nyeupe. Ni kidogo, kinalala kwenye ncha ya kidole, na wanawake wote wale walikuwa wameinama kukitazama.

Hapo hapo umeme ukakatika.

Taa ya jengo ilizima, ikabaki sauti ya mvua tu juu ya bati. Bi Fatu akanitazama. Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho: nimeshakitoa, na bila umeme chuma changu cha kuchomelea hakipati moto wa kukirudisha. Nikajiambia, mita ina betri yake, Mardhiya. Endelea.

Nikagusa mguu kwa mguu. Halafu nikageuza nyaya, nikagusa tena. Transista huwa inakubali upande mmoja na kukataa upande wa pili, ndiyo tabia yake. Hiki hakikuwa hivyo. Mguu wa kwanza na wa tatu ilikubaliana, na nilipogeuza ikakubaliana vilevile. Mguu wa kati ulikataa wenzake wote, mbele na nyuma. Mgongo wa bati nao haukuungana na mguu wowote.

"Si transista," nikasema kwa sauti.

"Ni nini sasa?" akauliza Angela. Alikuwa amepiga magoti kando yangu, ananishikia tochi ya simu.

"Bado. Niletee betri ya pikipiki."

Yosefu akaifungua, akaileta. Nikafunga betri, balbu ya bajaji na kile kitu katika mstari mmoja: umeme uingie mguu wa kati, utokee mguu wa kwanza. Balbu haikuwaka. Mlango umefungwa. Nikachukua waya mwingine wa betri, wenye rezista ya kupunguza umeme, nikagusisha mguu wa tatu. Mguso tu.

Balbu ikawaka.

Nikauondoa ule waya. Balbu ikaendelea kuwaka.

"Mbona umetoa waya na taa haizimiki?" Bi Fatu aliuliza. Alikuwa ameinuka kwenye ndoo.

"Ndilo swali lenyewe hilo, bibi! Transista ya kawaida ingezima. Hiki ukikigusa mara moja kinafungua mlango, na mlango unabaki wazi mpaka umeme wenyewe ukatike." Nikachomoa betri, balbu ikazima. Nikairudisha, balbu kimya. Nikagusa, ikawaka.

Vilibaki vitu viwili tu. Vipo viwili vyenye tabia hiyo ya kushika, navyo ni ndugu. Mmoja hupitisha umeme upande mmoja tu, ukigeuza anakataa kabisa. Mwingine hupitisha pande zote mbili, na huyo ndiye anayefaa kwa umeme wa ukutani, ambao unakwenda na kurudi muda wote. Nikageuza betri, pozitivu ikaja ilipokuwa negativu. Nikashika ule waya. Nikasema bismillahi. Nikagusa.

Ikawaka!

"Trayaki!" nilipiga kelele. "Trayaki! Wewe ni trayaki!"

Sijui nilimwambia nani. Angela alinikumbatia na tochi mkononi. Wakapiga vigelegele, wengine bila kujua wanashangilia nini. Waliona tu taa imewaka na mimi nalia. Niliisoma chuoni, na mara ya mwisho niliiona kwenye regyuleta ya feni ya dari, imekaa humo kimya, na mimi nikapita kama sijaiona. Ni swichi isiyo na kitufe. Basi. Swichi!

Bi Fatu peke yake hakushangilia. "Sasa irudishe," akasema.

Umeme ulikuwa bado. Sikutaka urudi unikute sijawa tayari. Angela akaleta jiko la mkaa, tukatia bisibisi nene motoni, tukaifanya ndiyo chuma cha kuchomelea. Nimechomelea kwa bisibisi ya moto, na Angela akinipulizia mkaa, na jasho likinidondokea. Kazi haikuwa nzuri ya kutazama lakini miguu yote mitatu ilishika. Baada ya alasiri umeme ukarudi. Mama Yosefu ndiye aliyewasha. Tukangoja. Bi Fatu akatia mkono ndani ya kabati la kulia, akauacha humo.

"Moto upo," akasema. Ndipo alipocheka, na kumbe ana kicheko kikubwa kuliko wote.

Jumatatu, 18 Novemba

Baba mdogo kashajua. Bagamoyo hii, habari hazilali. Aliniuliza swali moja, "Umefungua mashine ya watu bila mimi?" Nikasema ndiyo, nikamweleza nilichokipata. Akachukua redio ya mteja, akanigeuzia mgongo.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Hasemi na mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua tena. Angela amepiga: wametupa mananasi mengine. Baba mdogo bado hasemi. Nimeanza kuwaza mahali pengine pa kuweka meza yangu.

Alhamisi, 21 Novemba

Nilikosea kuhusu baba mdogo.

Nimefika leo mapema, nikasikia duka linazungumza peke yake. Nikachungulia. Baba mdogo amemwaga mezani kopo zima la vipuri vilivyotolewa kwenye mashine mbovu. Ameshika balbu ya bajaji na betri, anapima kimoja kimoja, na kila kimoja anakisemesha. "Wewe umezima, nenda kule. Wewe je? Aa! Umeshika!" Miwani imeshuka puani, anacheka peke yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

Akashtuka. "Marahaba. Njoo, njoo uone. Hizi zote nilikuwa naziita transista." Akanionyesha trayaki tatu alizoziweka kando. "Hizi ni zako. Ndogo, za feni, haziwezi hita. Lakini ni zako."

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia siku zote hizi.

"Ningesema nini? Ulisema maneno makubwa. Nilitaka kwanza niyaone kwa macho yangu, nisije nikakukubalia kwa mdomo." Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. "Sasa rudia mbele yangu ulivyofanya. Taratibu. Ile ya kugeuza betri sijaipata vizuri."

Nimerudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wateja wamengoja. Jioni yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpigie huyo mtu wa mashine."

Ijumaa, 22 Novemba

Clever alipokea simu kwa sauti ya mtu anayengoja kugombezwa. Nikamwambia, "Ni trayaki. Hita yao inakula umeme mwingi, kwa hiyo isipungue ampea kumi na sita." Akasema, "Ngoja. Umejuaje?" Nikamsimulia balbu, betri, kugeuza. Akawa ananikatiza, "Subiri, naandika, subiri." Mwisho akasema, "Dada, hizo bodi ziko kwa wateja wangu hadi Muheza. Kila ikiungua moja, mimi ndiye ninayetukanwa." Atakwenda Kariakoo mwenyewe. Nilikuwa nimemdharau bure.

Jumatatu, 25 Novemba

Hakuna. Clever anasema duka la kwanza wameishiwa. Mvua.

Jumatano, 27 Novemba

Hakuna. Angela anasema madalali sasa wanaegesha kabisa, wanasubiri. Mama wawili wa kikundi wamewauzia. Mama Yosefu hakuwalaumu.

Ijumaa, 29 Novemba

Imefika! Clever amempa kondakta wa basi bahasha, ndani yake trayaki mbili mpya, majina yanasomeka kama magazeti. Baba mdogo alitaka tuondoke papo hapo. Nami nilitaka. Lakini mkono umeshazoea, nikazipima kwanza.

Mguu kwa mguu, sawa. Balbu imeshika, sawa. Kugeuza, sawa. Nikamalizia na mgongo wa bati, na mita ikalia.

Nikapima tena. Ikalia tena. Mgongo wa hizi mpya umeungana na mguu wa kati. Ule wa Kiwangwa haukuungana na kitu.

Nilikaa chini. Kwenye ile mashine mgongo unafungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoozea, na bati hilo limeshikana na mwili wa kabati. Ningeifunga hii hivi hivi, kabati zima la chuma lingeingiwa na umeme wa ukutani. Hita ingepata moto vizuri kabisa. Wote tungepiga vigelegele. Halafu Bi Fatu angetia mkono wake ndani.

Nilimpigia Clever, akaapa kwamba aliomba trayaki na akapewa trayaki. Kweli, hakukosea. Mimi ndiye sikumwambia kuhusu mgongo. Alikuwa tayari kurudi Kariakoo kesho, ila hakuwa na uhakika wa kuipata ile nyingine.

"Ngoja," akasema baba mdogo. Akaingia uvunguni mwa meza, akatoka na amplifaya kuukuu ya msikiti, yenye kutu. Akaifungua. Chini ya kila transista kubwa kulikuwa na karatasi ngumu inayong'aa, na kwenye kila skrubu kola ndogo ya plastiki. "Maika," akasema. "Inapitisha joto, haipitishi umeme. Tulikuwa tunafunga hivi tangu hujazaliwa, baba yako na mimi. Hapa kwenye mgongo ndipo ninapopajua mimi."

Tumefunga, tumepima. Mita haikulia. Tumebonyeza, tumetikisa, haikulia. Tumetazamana tukacheka kama wendawazimu.

Jumapili, 1 Desemba

Tumekwenda wawili. Baba mdogo kavaa kofia yake ya Idi.

Bodi ya kushoto nimeirudisha, rezista iliyoungua nimeibadilisha. Trayaki sikuichomelea moja kwa moja. Nimeifunga kwa vishikizo vya skrubu, ikiharibika mtu aitoe kwa bisibisi tu. Baba mdogo amefunga waya wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, upya kwenye mwili wa kabati, ule wa zamani ulikuwa unaning'inia. Kabla ya yote, nikawaomba wasogee mbali. Nikawasha. Nikapitisha tesita, ile bisibisi yenye taa ya kuonyesha umeme, kwenye mlango, ubavuni, kwenye kila skrubu. Haikuwaka popote. Ndipo nikatia mkono wangu mwenyewe.

Moto upo.

Sikuwahi kusikia vigelegele vya namna ile hata harusini. Makabati yote mawili yanaunguruma, trei zinaingia, visu vinakata, juisi inatiririka hadi kwenye viwiko. Mama Yosefu alisimama mlangoni anatazama, akachukua trei akaanza kupanga vipande. Bi Fatu alimkabili baba mdogo. "Wewe ndiye uliyelipua ile ya kwanza?" "Ndiye mimi, shikamoo." "Marahaba. Kaa, ule nanasi."

Jumatano, 4 Desemba

Mvua kubwa. Kwa mara ya kwanza sikuitukana.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, duka limefungwa. Angela ametuma picha: mifuko imepangwa hadi dirishani. Dalali mmoja alisimamisha fuso akauliza wanauza kwa ngapi leo. Bi Fatu akamwambia leo hatuuzi, leo tunafunga mifuko.

Jumamosi, 14 Desemba

Gari la yule mama wa Dar limekuja Kiwangwa. Nilikuwepo. Alifungua mfuko mmoja, akatafuna kipande, akafumba macho, akafungua mwingine. "Huu wote?" akauliza. "Wote," akajibu Mama Yosefu. "Na wa mwezi ujao?" Mama Yosefu akageuka kuwatazama wenzake, na wale wawili waliowauzia madalali walikuwemo, wamebeba mifuko kama wengine. "Na wa mwezi ujao," akasema.

Gari lilipozama matopeni tulilisukuma sote tukiimba. Nimerudi nyumbani nikiwa tope mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi, 26 Desemba

Baba mdogo ameniuliza, "Trayaki ya pili iko wapi?" Nikasema ninayo. "Ya nini huku?" Kweli, ya nini huku.

Nimeipeleka, pamoja na maika yake na kola yake. Angela amekaa mezani, nami nikakalia ile ndoo, mikono nimeifunga nyuma nisije nikamsaidia. Amepima mguu kwa mguu. Amefunga balbu. Amesahau kugeuza betri, akakumbuka mwenyewe. Nikampa vipuri vitatu vya kopo la baba mdogo nimevichanganya, viwili trayaki, kimoja transista, akanirudishia kile kimoja. "Hiki kinajifanya." Kisha nikamfundisha mgongo: usiufunge kabla mita haijanyamaza, na ukishafunga, tesita kwanza, mkono baadaye. Nikamrudisha mwanzo tena na tena mpaka akanikasirikia. Vizuri. Na bodi ya kulia nayo nimeiwekea vishikizo vya skrubu, ile kazi ya bisibisi ya moto imeondoka.

Jumanne, 31 Desemba

Clever amekuja Bagamoyo na sanduku la bodi zilizoungua za wateja wake. Yeye na baba mdogo wanabishana mezani tangu asubuhi. Mimi nimeagizwa chai. Nimekataa, nimevuta kiti.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua imekata. Simu, simu, redio moja, bodi mbili za Clever.

Alhamisi, 9 Januari

Asubuhi Angela kapiga. Nyuma yake nilisikia visu na watu wakicheka, kwa hiyo sikuogopa.

"Dada Mardhiya, shwari?"

"Shwari. Huko?"

"Juzi umeme ulirudi kwa kishindo, ukaua kabati la kulia."

Nikasimama. Tayari nilikuwa natafuta mkoba wa vifaa kwa macho. "Nakuja. Nipe saa moja nifike barabarani."

"Uje kufanya nini?"

"Si umesema limekufa?"

"Nimesema lilikufa juzi. Juzi hiyo hiyo nilichomoa umeme, nikatoa ile mbovu, nikapima mpya, nikafunga na maika, mita ikanyamaza, nikawasha, nikapitisha tesita. Bi Fatu ndiye aliyetia mkono." Akasema na mtu pembeni, kisha akarudi kwenye simu. "Nilikuwa nakujulisha tu. Tunaomba nyingine ya akiba."